Mada nne za utafiti, wiki kumi na mbili na mizani ya kuazima: nibaki na ipi?

mtoto_wa_jambiani

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya kwanza ya sayansi ya mazingira, hapa Unguja. Nimekwama, na naomba watu wa kufikiri pamoja nami. Sitafuti mada iliyokwisha andikwa na mtu mwengine.

Wiki iliyopita nilimpelekea msimamizi wangu karatasi yenye mada nne. Ameirudisha na neno moja kwa kalamu nyekundu: "Punguza." Nilipomfuata ofisini akaniambia hakuna mada mbaya hapo, ila kila moja inamtaka mtu mwenye miaka mitatu na gari. Mimi nina wiki kumi na mbili, shilingi laki mbili na nusu alizonipa kaka yangu, na daladala ya 309 ya kutoka Mjini mpaka kwetu Jambiani.

Niseme kwanza natokea wapi, ili mjue kwa nini jambo hili linaniuma. Mama yangu analima mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara pwani yetu ya mashariki mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na mama aliingia miaka michache baadaye, kabla mimi sijazaliwa. Madaftari yangu ya skuli, viatu, sare, ada ya chuo mwaka wa kwanza, vyote vimetoka kwenye kamba zile. Kwa hiyo nataka kitu ambacho nikimsomea mama kwa sauti ataitikia, "Ee, ndivyo."

Mada zenyewe ni hizi.

Ya kwanza: "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wakulima wa mwani Zanzibar." Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mama ananisimulia kwamba zamani walilima kotonii, ule mwani mnene ambao wanunuzi huulipia zaidi. Kisha ukaanza kufa. Matawi yanageuka meupe, yanalegea, yanakatika. Ukirudi shamba bamvua linalofuata, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, unakuta kamba ina tai-tai tupu, vile vikamba vya kufungia mwani. Leo karibu kila mwanamke ninayemjua amebaki na spinosamu, wa bei ya chini lakini unaovumilia. Watu wazima wanasema maji yamekuwa ya moto. Nilitaka kulithibitisha hilo.

Ya pili: utalii na nafasi ya wakulima wa mwani ufukweni. Ya tatu: afya ya wanawake wanaolima, yaani mgongo, macho kwa mwako wa jua juu ya maji, miguu kukatwa na makombe.

Ya nne niliiweka ili zitimie nne. Inahusu kuanika. Wengi kwetu wanaanika mwani chini, juu ya nyavu chakavu zilizotandikwa kwenye mchanga. Wachache wana vichanja, yaani meza za miti zilizotandikwa wavu juu. Mwaka jana mnunuzi mmoja alikataa polo mbili, yaani magunia mawili, za mama. Alitia mkono ndani, akatoa konzi moja, akaikung'uta mbele ya watu na mchanga ukamwagika. Mama hakusema neno. Tulizirudisha nyumbani kwa baiskeli, tukakaa mpaka magharibi tunaukung'uta upya. Lakini jamani, nikae chuo miaka mitatu halafu niandike habari za mchanga? Naiona mada ndogo mno.

Nilijaribu kuipunguza ile ya kwanza kwa kuongeza mwishoni "mfano wa Jambiani". Msimamizi akaniambia: umepunguza ramani, swali limebaki na ukubwa uleule. Hapo ndipo nilipokwama. Mtu anapunguzaje swali bila ya kulitupa lile lililo kubwa moyoni mwake?

mhitimu_wa_pemba

Mdogo wangu, waalaykum salaam. Maneno ya msimamizi wako yashike, hasa hilo la ramani. Mimi lingenifaa sana kama ningeambiwa mapema.

Mwaka wangu wa mwisho nilichagua mada ya uvuvi na umaskini. Wilaya nzima. Niliandika dodoso la maswali 64 na nikaahidi kwenye pendekezo kwamba nitahoji watu 200 katika vijiji vitatu. Kijiji cha kwanza nilikaa siku nne nikapata watu 19, kwa sababu mvuvi akirudi baharini analala, na akiamka anashona nyavu, hana saa nzima ya kunijibu mimi. Mwisho nilikuwa na madodoso 71, mengine nusu tupu. Katika maswali 64 niliyoyabeba, yaliyoingia kwenye ripoti ni tisa. Yale 55 watu walinijibu kwa hisani yao, wakiwa wamechoka, na majibu yao mpaka leo yamo ndani ya boksi chini ya kitanda. Hilo linaniuma zaidi kuliko alama niliyopata.

Nakwambia jambo nililojifunza baadaye kazini, na naomba ulifanye usiku wa leo. Usiandike kichwa cha mada. Chukua karatasi nne, moja kwa kila mada, na uchore jedwali tupu, lile ambalo ungekuwa nalo siku ya mwisho ya kukusanya data. Juu ya kila safu andika unapima nini, kwa kipimo gani, na nani atakupa hicho kipimo. Upande wa kushoto andika kila mstari ni kitu gani: mtu mmoja, kamba moja, siku moja, polo moja. Kisha ujaze mstari mmoja tu, kwa kubuni, kama kwamba umekwisha fika shambani.

Ukishindwa kuujaza mstari mmoja wa kubuni ukiwa umekaa kwenye kiti, hiyo mistari mia utaijaza wapi?

Halafu rudi utuambie umekwama safu gani. Tutakusaidia hapo, kwa sababu mpaka sasa umetuonesha mapenzi yako tu, hujatuonesha data.

ramani_na_takwimu

Nina mawazo tofauti kidogo. Usiikimbilie kuitupa ile ya tabianchi. Takwimu za joto la uso wa bahari zinazopimwa kwa setilaiti zipo mtandaoni bure, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unazipakua, unachora mstari wa pwani ya mashariki ya Unguja, unaona maji yamepanda kiasi gani. Huhitaji daladala hata moja. Mada kubwa, gharama sifuri. Fikiria hilo.

mtoto_wa_jambiani

Ahsanteni sana. Nimefanya kazi ya kaka mhitimu, imenichukua mpaka saa saba usiku. Nawaletea nilichokiona.

Karatasi ya kwanza, tabianchi. Nimemfuata pia ndugu ramani_na_takwimu. Safu ya mwaka, sawa. Safu ya joto la maji, nimeziona hizo takwimu kweli. Lakini kuna jambo nalijua kwa miguu yangu. Mashamba yetu yako ndani ya mwamba, yaani kati ya mwamba wa matumbawe na ufukwe, maji kupwa yanafika magotini, na mchana wa kaskazi, msimu wa joto, yanakuwa vuguvugu kama ya kuogea mtoto. Setilaiti inapima eneo pana la bahari ya nje na ya ndani kwa pamoja. Kwa hiyo joto la kwenye safu yangu silo joto linaloupata mwani. Nikaenda safu iliyofuata: mavuno ya kila shamba kwa kila mwaka. Hapo kalamu ilisimama kabisa. Mama hana daftari. Jirani yake hana daftari. Wanakumbuka mwaka mbaya kwa mtoto aliyezaliwa au harusi iliyoahirishwa. Ni kumbukumbu za thamani, lakini siwezi kuziweka sambamba na nyuzijoto.

Na hata kama ningeziweka: kotonii ilipokuwa inakufa, bei nayo ilikuwa inabadilika, na watu walikuwa wanahama na mbegu zinazeeka. Nitajuaje ni joto?

Karatasi ya pili, utalii. Nilihitaji safu ya ukubwa wa mashamba kabla ya hoteli na baada. Hakuna ramani ya kabla. Kisha nikaona jambo jengine ambalo sikuwahi kulifikiri: kaka yangu aliyenipa hizo laki mbili na nusu anafanya kazi jikoni katika hoteli, na mama yangu ni mkulima wa mwani. Nikimhoji mwanamke wa kwetu, ananijua mimi ni wa upande gani kabla sijakaa. Nimeiweka kando kwa moyo mzito.

Karatasi ya tatu, afya. Safu ya maumivu ya mgongo: nani anapima? Mimi si daktari. Na kuuliza watu habari za miili yao kunataka kibali cha maadili ya utafiti wa afya, ambacho kina ratiba yake mbali na hizi wiki zangu kumi na mbili.

Karatasi ya nne. Kila mstari ni fungu moja la mwani lililoanikwa. Safu: tarehe, limeanikwa chini au juu ya kichanja, uzito likiwa bichi, siku za kukauka, uzito likiwa kavu, gramu za mchanga. Niliujaza mstari wa kubuni kwa dakika mbili. Nikajaza wa pili. Nikajikuta nimefika wa kumi bila kuinua kichwa, na kila safu mpimaji ni mimi mwenyewe na mizani.

Sasa nina aibu nyengine: niliyoidharau ndiyo pekee ninayoiweza. Lakini bado nina wasiwasi mawili. Mama ni hodari wa kuanika, jirani yetu mwenye kichanja anaanika ovyo. Nikilinganisha wao wawili si nitakuwa napima watu? Na mchanga ulio ndani ya mwani nautoaje wote ili niupime?

bi_wa_kamba

Mwanangu, mimi nalima mwani huku Pemba mwaka wa ishirini na tatu sasa. Nasoma hapa kwa simu ya mjukuu. Hao wasomi wamesema yao, nami niseme yangu.

Usilinganishe mwani wa mama yako na wa jirani. Mwani wa mtu na mtu haufanani. Mmoja anausuuza baharini vizuri kabla hajautoa, mwengine anauburuza kwenye mchanga mpaka nyumbani. Mmoja anavuna wa siku arubaini na tano, mwengine ana shida anavuna wa siku thelathini, ule haujakomaa, umejaa maji. Wewe chukua mavuno ya mama yako yaleyale, siku ileile, ugawe mafungu mawili. Moja chini, moja juu. Jua lao moja, upepo wao mmoja, mikono yao mimoja.

Kichanja uangalie kimo. Kikiwa kifupi, upepo wa kaskazi unakuja na mchanga unakirushia vilevile, utasema kichanja hakina faida kumbe ulikijenga vibaya. Changu kinanifika kiunoni. Na wavu wa juu uwe sawa na wavu wa chini, usiweke wavu mpya huku na chakavu kule.

Jioni funika vyote viwili kwa turubai, umande ni maji. Mvua ikinyesha ikaupata mwani mkavu, umekwisha, unapauka na wanunuzi wanaujua kwa macho. Ukiugeuza wa juu mara mbili kwa siku, na wa chini ugeuze mara mbili. Na kuku, mwanangu. Kuku wanachakura kwenye nyavu za chini mchana kutwa wakitafuta vidudu. Usiwafukuze kwa ajili ya utafiti. Kuku ndio maisha ya kuanika chini.

Jambo lako si dogo. Mimi nimerudishiwa polo, najua njia ya kurudi nayo nyumbani ilivyo ndefu.

fundi_wa_maabara

Bi mkubwa amekwisha kukupa mpango wa jaribio kuliko vitabu vingi. Kugawa fungu moja mara mbili ndiyo tunaita jaribio la jozi, na linakuondolea ule wasiwasi wako wa kwanza wote. Ongeza vitu viwili. Changanya mwani vizuri, kisha ujaze ndoo mbili kwa zamu, konzi hapa, konzi pale, mpaka kila moja ifike kilo kumi. Halafu rusha sarafu kuamua ndoo ipi iende kichanjani. Usichague kwa macho, kwa sababu mkono una upendeleo ambao mwenyewe huujui.

Wasiwasi wako wa pili ndio unaonihusu mimi. Kwenye mwani mkavu kuna vitu vitatu vinavyoongeza uzito usioutaka: maji yaliyobaki, chumvi, na mchanga. Ukiukung'uta tu, unaangusha chumvi na mchanga pamoja, na mchanga mwengine unabaki umeganda kwenye matawi. Kwa hiyo ukiona fungu la chini ni zito zaidi, hujui ni mchanga au halijakauka. Fanya hivi. Kila fungu likishakauka, chukua gramu 200 kutoka sehemu mbalimbali za fungu. Ziloweke kwenye ndoo ya maji baridi ya kunywa, yaani yasiyo ya chumvi, sugua kwa mkono, toa mwani, rudia kwa maji mapya mpaka ndoo isibaki na chembe chini. Chumvi inayeyuka na kuondoka na maji. Mchanga hauyeyuki. Mimina maji yote kupitia kitambaa cha pamba kilichofumwa karibukaribu, anika kile kilichobaki, pima. Hicho ndicho mchanga, pamoja na vipande vya makombe, na ndicho ambacho mnunuzi alikiona mkononi.

Gramu nyengine 50 za kila fungu zitie kwenye tanuri la maabara ya chuo, upime, urudishe, upime tena, mpaka uzito usibadilike. Hapo unajua maji yalikuwa kiasi gani na unaeleza mchanga kwa mwani mkavu kabisa, si kwa mwani uliokauka nusu.

Mizani ya jikoni ya kupima kilo haitoshi kwa mchanga. Tuseme gramu 200 zimetoa gramu 6 za mchanga, hiyo ni asilimia 3, na kwenye polo ya kilo 50 ni kilo moja na nusu. Mizani inayokosea kwa gramu 5 ingekufutia matokeo yote. Azima ya maabara, inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu.

Kingine: vifuko vya sampuli viandike namba tu, na daftari la namba abaki nalo rafiki yako mpaka umalize kupima. Unampenda mama yako na unataka kichanja kishinde. Hilo si kosa, ila lisiingie kwenye mizani.

sauti_ya_mtaa

Samahani niwe mkweli. Kila mtu anajua mwani wa juu ya kichanja ni msafi kuliko wa chini. Watoto wanajua. Utatumia wiki kumi na mbili kugundua kitu ambacho bi wa Pemba amekijua miaka ishirini?

mhitimu_wa_pemba

Ndugu yangu sauti_ya_mtaa, swali lako ni zuri na nimefurahi umeliuliza kabla ya watahini. Kila mtu anajua ni msafi zaidi. Nitajie mtu mmoja anayejua ni kwa kiasi gani. Gramu 2 au 20? Kama ni 2, basi mama anayeuza mbuzi ili ajenge kichanja ameonewa. Kama ni 20, basi anayemwambia aendelee kuanika chini ndiye anayemwonea. Neno "zaidi" halimsaidii mtu kukata miti.

Na kwa mtoto wa Jambiani: tahadhari moja. Sasa hivi mada imekaa vizuri, na utasikia hamu ya kuinenepesha. Utataka kuongeza makuti kama njia ya tatu ya kuanika. Utataka kuongeza kijiji cha Bwejuu. Utataka kuongeza bei. Yote mazuri, na yote yaache. Bei hasa iache, kwa sababu bei anapanga mnunuzi, na siku akibadilisha, safu yako yote inaharibika bila ya mwani kuwa na kosa.

ramani_na_takwimu

Nimesoma jibu la dada kuhusu maji ya ndani ya mwamba na nakiri nilikurupuka. Nilitazama takwimu zilizopo nikasahau shamba lilipo. Ahsante kwa kunirekebisha.

Kuhusu idadi: jozi 12 zinakutosha, na hesabu yake unaweza kumweleza hata mama. Kama kuanika juu na chini hakuna tofauti yoyote ya kweli, basi kila jozi ni sawa na kurusha sarafu. Uwezekano wa kichanja kuwa na mchanga mdogo katika jozi zote 12 kwa bahati tu ni 1 katika 4,096. Kichanja kikishinda 10 au zaidi kati ya 12, bado uwezekano wa bahati ni chini ya asilimia 2. Kisha ndiyo unapiga hesabu ya wastani wa tofauti ya gramu, ambayo ndiyo jibu lako hasa. Ukipata jozi 8 tu kwa sababu ya mvua, usibuni zile nne. Andika nane, useme mvua.

mtoto_wa_jambiani

Nimerudi kwetu tangu Alkhamisi, naandikia barazani.

Msimamizi amepitisha. Kichwa kimekuwa hiki: "Kiasi cha mchanga katika mwani wa spinosamu ulioanikwa chini na ulioanikwa juu ya kichanja: jaribio la jozi 12 katika msimu wa kaskazi, Jambiani." Alikisoma mara mbili, kisha akauliza swali moja tu, kwa nini kaskazi. Nikamjibu kwamba nina bamvua tatu kabla ya Ramadhani: la mwanzo wa Januari, la katikati yake, na la mwanzo wa Februari. Kila bamvua jozi nne. Masika sitakuwa nimeigusa, kwa hiyo sitasema lolote kuhusu masika. Akatikisa kichwa na kusaini. Barua ya chuo nimempelekea sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, ameipokea vizuri.

Kuhusu ile ya kwanza, ya maji ya moto, sijaitupa. Nimefanya kitu kidogo. Nimempa mama daftari. Hajui kuandika sana, lakini anajua kuchora mistari, na kila bamvua atachora mstari mmoja kwa kila polo anayoitoa shamba. Mdogo wangu wa darasa la sita anaandika tarehe juu. Daftari hilo halimo kwenye utafiti wangu na sitaliweka. Ila ile safu iliyonisimamisha kalamu usiku ule, mtu akija kuitafuta baada ya miaka kumi, kwetu ataikuta ina kitu.

Nilimweleza mama jaribio lote, sarafu na ndoo na kuku. Habari ya kuku ilimchekesha sana. Sarafu hakuipenda, alisema yeye ataujua mwani wa kichanjani kwa kuushika tu. Nikamwambia ndiyo maana ya sarafu. Akanyamaza, akafikiri, akauliza hizo gramu 200 nitakazoloweka kwenye maji baridi zitakuwa zimeharibika, hazitauzika? Nilikuwa sijafikiri hilo kabisa. Kwa kila fungu natoa gramu 200 za kuloweka na 50 za tanuri. Mafungu 24, ni kilo sita za mwani mkavu wa mama yangu. Nimeziingiza kwenye bajeti kama manunuzi, kwa bei anayolipwa kijijini, na nitamlipa siku ileile ninayozichukua.

Bi wa Kamba, kichanja kimeanza kusimama. Mama amekipima kwa kiuno chake, si changu, kwa sababu yeye ndiye atakayekitumia nikisharudi Mjini. Mjomba amekata miti jana. Nyavu tumeikata moja chakavu vipande viwili, kimoja cha juu, kimoja cha chini, ili zilingane kama ulivyosema.

Fundi wa maabara, nimeshapata mizani ya kuazima, inasoma sehemu ya kumi ya gramu. Nimebakiwa na kitambaa. Mama amenipa kanga yake nyepesi ya zamani, nimeijaribu kwa maji ya kisima na konzi ya mchanga wa pwani: mchanga mkubwa wote umebaki, lakini maji yaliyopita bado yana ungaunga mweupe ukiyaacha yakatulia. Niikunje mara mbili, au nitafute kitambaa chengine kabla ya bamvua la kwanza?

fundi_wa_maabara

Ikunje mara mbili, na maji yaliyopita yaache kwenye ndoo usiku mzima, umwage ya juu taratibu asubuhi, ukaushe na kupima na huo unga wa chini. Fanya hivyohivyo kwa mafungu yote 24. Kabla ya kuanza, jipime mwenyewe: chukua mwani uliousafisha kabisa, utie gramu 10 za mchanga ulizozipima, pitisha hatua zote, uone zinarudi ngapi. Ukipata 9.8, endelea. Ukipata 7, niandikie hapa kabla hujagusa mwani wa mama.